Kipimo kijacho cha saratani kipitie kwanza kwenye damu ya kwetu

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya hospitali moja ya wilaya. Siku yetu ilikuwa haianzi mpaka bodaboda wa sampuli afike. Alikuwa akifika kwenye saa nne hivi, vumbi mpaka kwenye kope, boksi la barafu limekazwa nyuma kwa mpira wa tairi. Ndani mna vichupa vya damu kutoka zahanati tano: vingine vimesimama, vingine vimelala, na hakikosi kimoja kilichovuja kikalowesha fomu na kufuta jina la mgonjwa. Tunavipanga, tunavitia kwenye mashine ya kuzungusha, na baada ya dakika kumi damu imejitenga. Chini nyekundu nzito, juu maji ya manjano, katikati ukanda mwembamba mweupe. Maji yale ya juu ndiyo plazima. Tunachota kidogo tunachohitaji. Kinachobaki kinakaa kwenye friji mpaka Ijumaa, siku ya kumwaga.

Sikujua nilikuwa namwaga nini. Chuoni tulifundishwa kuwa plazima ni maji, chumvi, protini, sukari, mafuta na uchafu unaoelekea kwenye figo. Hakuna mwalimu aliyetuambia kuwa kila mililita ya maji yale ina mabilioni ya vijifuko vinavyotoka kwenye seli za mwili mzima: seli za ini, za mishipa, za ubongo, na mtu akiwa na saratani, seli za saratani nazo zimo zinatoa vyake. Vingi havizidi nanomita 150. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000 au 8,000, kwa hiyo ukivipanga mstari vijifuko vya nanomita 100 utahitaji sabini na zaidi kuivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Hadubini yetu ya maabara isingeviona hata tukeshe.

Majina yake ni mengi na wataalamu wenyewe hugombana juu yake. Vile vinavyoitwa eksosomu huumbwa ndani ya seli, kwenye mfuko mkubwa ambao baadaye husogea, ukagusana na utando wa nje na kuvimwaga. Vingine hujikata moja kwa moja kwenye utando wa nje, kama povu la sabuni linavyochomoka kwenye beseni. Vikishafika kwenye damu, kutenganisha hiki na kile ni kazi ngumu kwa sababu vinapishana kwa ukubwa. Mimi hapa nitaviita vijifuko tu, nisije nikamchosha msomaji kwa ugomvi usiomhusu.

Hata waliovigundua waliviona takataka. Mwaka 1967 Mwingereza Peter Wolf alivikuta kwenye plazima, akaona vinatoka kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, akaviita vumbi. Mwaka 1983 makundi mawili, moja la Rose Johnstone huko Montreal na jingine la Philip Stahl huko St. Louis, yalikuwa yanachunguza jinsi chembe changa nyekundu inavyokomaa. Johnstone alitumia damu ya kondoo, wenzake damu ya panya. Wote waliona chembe inayokomaa ikijivua kipokezi cha madini ya chuma ambacho haikihitaji tena, na kukitupa nje kikiwa kimefungwa kwenye kijifuko. Maelezo yakawa mepesi: seli inafagia uwanja wake. Kwa zaidi ya miaka kumi jambo likalala hapo. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake wakaonyesha kuwa vijifuko vya seli za kinga vinaweza kuziamsha seli nyingine za kinga, na mwaka 2007 kundi la Jan Lötvall huko Göteborg, Uswidi, likakuta ndani yake RNA, yaani nakala za maagizo ya vinasaba, ambazo seli inayopokea huweza kuzisoma na kuzitumia. Takataka hazina kawaida ya kubeba maagizo. Kuanzia hapo maabara za saratani hazikulala.

Na kwa nini saratani? Ili kulijibu hilo inabidi turudi nyuma mpaka mwaka 1889. Daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akatazama ilikokuwa imesambaa. Kama ingekuwa inasambaa kwa bahati tu, kwa kufuata mkondo wa damu, ingegawanyika kwenye viungo kulingana na damu inayopita. Haikuwa hivyo. Ini lilikuwa limejaa uvimbe mara nyingi mno, wengu mara chache, ilhali vyote viwili hupokea damu ya kutosha. Paget akasema seli ya saratani ni mbegu, na mbegu huota tu ikikuta udongo unaoikubali. Aliyewahi kupanda mpunga kwenye kichanga anamwelewa Paget bila mkalimani.

Swali lililobaki kwa zaidi ya karne moja lilikuwa hili: nani anautayarisha udongo? Hapo ndipo vijifuko vinapoingia, na hapo ndipo mimi naona uzito wa habari yote. Mwaka 2012 Héctor Peinado, David Lyden na wenzao wa New York walichukua vijifuko vya saratani ya ngozi aina ya melanoma, wakawachoma panya sindano zake kwa kurudiarudia. Vijifuko vilibadilisha seli za uboho, zikatoka zikaenda kwenye mapafu na kulainisha mahali ambapo uvimbe ungekuja kukaa. Mwaka 2015 kundi hilohilo, Ayuko Hoshino akiongoza, likaonyesha jambo la ajabu zaidi. Juu ya utando wa kila kijifuko mna protini zinazoitwa intigrini, na intigrini hizo zinafanya kazi kama anwani. Vyenye intigrini ya aina moja huishia kwenye mapafu, vyenye nyingine huishia kwenye ini. Walipowapa panya vijifuko vyenye anwani ya mapafu, kisha wakawawekea seli za saratani ambazo kwa kawaida huenda kwenye mifupa, seli zile zikageuza njia zikaota kwenye mapafu. Yaani shamba lilikuwa limeshalimwa kabla mbegu haijafika, na mbegu ikafuata jembe.

Mtu aliyekaa na mgonjwa wa saratani analijua neno "imesambaa". Daktari hulitamka kwa sauti ya chini, na nyumbani huchukuliwa kuwa ni jambo lililotokea jana au juzi, labda kwa sababu uvimbe "uliguswa na kisu". Imani hiyo ya kisu imewaweka watu wengi nyumbani mpaka wakachelewa, na nimeisikia kwa walimu na kwa wachungaji sawasawa. Kazi ya vijifuko inatoa picha nyingine kabisa: uvimbe unaweza kuwa unawasiliana na ini au mapafu mapema, ungali mdogo, hakuna kisu wala mkono ulioufikia. Kuchelewa ndiko kunakoupa muda wa kulima.

Hapa nikae kidogo na tahadhari, kwa sababu habari hii huandikwa kwa pupa. Panya wale walichomwa vijifuko vilivyokusanywa kutoka kwenye seli nyingi zilizooteshwa maabara, tena kwa dozi zilizopangwa. Mgonjwa hana mtu anayemchoma sindano. Uvimbe wake unatoa kiasi chake, na vijifuko husombwa na kuondolewa kwenye damu kwa haraka, hasa na ini. Kwamba jambo linaweza kutokea kwa panya haina maana kuwa ndilo linaloamua kwa binadamu. Halafu kuna lugha ya vita: "saratani inatuma majasusi", "wajumbe wa mauti". Seli haina nia. Seli zenye afya nazo hutoa vijifuko kila saa. Maziwa ya mama yamejaa vijifuko. Saratani imeshika desturi ya kila seli hai ikaizidisha, kama mpangaji mmoja anayemaliza maji ya tangi la wote.

Ila yako mambo ambayo hata mwenye shaka kama mimi anayakubali. Mwaka 2018 kundi la Wei Guo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kuwa vijifuko vya melanoma vimepakwa PD-L1, protini ileile ambayo uvimbe huitumia kuzizima seli za kinga zinapoukaribia. Seli ya kinga inazimwa ikiwa mbali, kabla haijauona uvimbe. Vijifuko vya saratani ya matiti yenye HER2, protini ya juu ya seli inayolengwa na dawa ya trastuzumab, navyo hubeba HER2 juu yake, na kwenye majaribio ya maabara dawa hiyo, ambayo wengi wetu tunaisikia bei yake tu, imeonekana ikinasa kwenye vijifuko hivyo badala ya kwenye seli. Dawa ya mamilioni inakimbiza kivuli.

Sasa tuje nyumbani, maana habari hii ina mlango wa nyumbani ambao wengi hawaujui. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye akaona mwingine. Alipoanza kuulizia, akaona kuwa uvimbe huu, saratani ya seli za kinga ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, umejaa kwenye ukanda wenye joto, mvua na mbu wa malaria, na ukipanda kwenye nyanda za baridi unapotea. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka na gari kuukuu karibu maili 10,000 kusini na mashariki mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na kwenye viti alikuwepo mtafiti Anthony Epstein aliyeamua palepale kuwa lazima kuna kirusi nyuma ya uvimbe huo.

Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama cha mgonjwa ilizuiwa na ukungu wa London ikatua Manchester, na mzigo ukafika umechelewa, majimaji yake yamechafuka kama maji ya mchele. Mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameingia bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akaona seli za uvimbe zinaelea peke yake, zimetikiswa njiani mpaka zikachomoka kwenye kinyama. Seli hizo zilizoelea ndizo zilizokubali kuoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kilichobeba majina ya wawili wao, Epstein-Barr.

Kirusi hicho kinakuja moja kwa moja kwenye mada yetu. Mwaka 2010 kundi la Michiel Pegtel huko Amsterdam lilionyesha kuwa seli zilizoambukizwa Epstein-Barr hutoa vijifuko vyenye vipande vifupi vya RNA ya kirusi, na vipande hivyo huingia kwenye seli za jirani ambazo hazina maambukizi na kunyamazisha vinasaba vyake. Kirusi chenyewe hakikuhama, kilituma maagizo. Kwa ugonjwa uliojulikana duniani kupitia taya za watoto wa Uganda, wenye makao yake hasa kwenye ukanda wa Ziwa Viktoria na maeneo mengine ya malaria kali, ningetarajia utafiti wa vijifuko vya Burkitt uwe umejaa Kisumu, Mwanza na Gulu. Tafuta uone sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika wapi: Boston, New York, Göteborg, Paris, Amsterdam, Shanghai. Sisi tulitoa kinyama.

Tukiacha mambo ya kuelewa, kinachotafutwa kwa pesa nyingi ni kipimo. Wazo linavutia kweli. Kuchukua kinyama kwenye kongosho au mapafu ni kazi nzito, kunahitaji mtaalamu, mashine ya picha, na mwanapatholojia wa kusoma majibu, na hao wa mwisho ni adimu kwetu kuliko mvua ya Januari Dodoma katika mwaka mbaya. Ikiwa uvimbe unamwaga vijifuko vyenye alama zake kwenye damu na mkojo, basi vuta damu kidogo, soma alama, maliza.

Mfano uliofika mbali zaidi ni wa tezi dume. Marekani kuna kipimo cha mkojo, ExoDx, kinachosoma RNA ya vinasaba vitatu ndani ya vijifuko: PCA3, ERG na SPDEF. Kimekusudiwa wanaume wa miaka 50 na kuendelea ambao PSA yao, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, imepanda kidogo, kati ya 2 na 10, na kazi yake ni ya unyenyekevu: kusaidia kuamua nani anaweza kuachwa asichukuliwe kinyama kwa sasa. Hakisemi una saratani au huna. Napenda unyenyekevu huo. Kipimo chenye kazi moja ndogo inayoeleweka nakiamini kuliko kinachoahidi mbingu.

Kilichoahidi mbingu kilikuja mwaka 2015. Watafiti wa Texas walitangaza kwamba protini moja, glipikani-1, juu ya vijifuko vya damu iliwatenganisha wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wazima wa afya bila kukosea hata mmoja. Saratani ya kongosho huua wengi kwa sababu hujulikana imechelewa, kwa hiyo dunia ilishangilia. Kisha maabara nyingine zikajaribu, na ule ukamilifu haukuonekana tena. Nyingine ziliiona protini hiyo kwa watu wasio na saratani pia. Sisemi mtu alidanganya. Nasema ukiona kipimo cha saratani chenye alama mia kwa mia, shika pochi yako.

Nimezunguka kote huko nifike kwenye jambo linaloninyima raha kama mtu niliyeshika vichupa. Vijifuko vya saratani kwenye damu ni wachache kati ya umati. Vilivyo vingi vinatoka kwenye chembe sahani na chembe nyekundu za damu. Kazi ya kipimo ni kuisikia sauti moja sokoni. Na soko la damu ya Kagera au Kilifi halina watu walewale wa soko la damu ya Boston.

Chukua malaria. Mwaka 2004 kundi la watafiti lilipima watoto wa Malawi waliolazwa wakiwa na malaria kali iliyowafikisha kwenye kupoteza fahamu, wakakuta vijifuko vinavyotoka kwenye kuta za mishipa vimepanda mno kwenye damu yao. Chembe nyekundu yenye vimelea nayo humwaga vijifuko vingi kuliko chembe nzima, na baadaye ikaonekana kuwa vimelea huvitumia kupashana habari. Chukua selimundu: chembe zinazopinda na kuvunjika humwaga vijifuko kila siku ya maisha ya mgonjwa. Seli zenye VVU hutoa vijifuko vyenye protini za kirusi. Kifua kikuu, hali kadhalika. Mtu wa kwetu anaweza kuwa na viwili kati ya hivyo kwa mpigo, bila saratani yoyote. Kiwango cha "kawaida" kilichowekwa kwa kupima damu ya watu ambao hawajawahi kuumwa malaria maishani mwao kitamwambia nini?

Na si magonjwa tu. Kinasaba cha ERG kimo kwenye kile kipimo cha tezi dume kwa sababu badiliko lake hupatikana kwa karibu nusu ya saratani za tezi dume za wanaume wenye asili ya Ulaya. Kwa wanaume wenye asili ya Afrika badiliko hilo ni la nadra zaidi. Haina maana kipimo kitashindwa kwetu, vinasaba vingine viwili bado vipo. Ina maana kwamba swali linastahili kuulizwa Moshi au Eldoret, na jibu litoke hapo.

Halafu kuna yule bodaboda. Damu ikishatoka mkononi haifi. Chembe sahani zikitikiswa, zikipata joto, zikikaa kwenye kichupa saa nne, tano, zinaendelea kumwaga vijifuko vyake ndani ya kichupa. Ukiichelewesha kuizungusha, unapima barabara badala ya kumpima mgonjwa. Ukiigandisha plazima ambayo bado ina chembe sahani, siku ikiyeyuka chembe hizo zinapasuka vipande vyenye ukubwa uleule wa vitu unavyovitafuta. Na nani asiyejua friji ya hospitali ya wilaya inayeyuka mara ngapi kwa mwezi? Mama aliyetoka kijijini alfajiri, akanywa chai ya maziwa na maandazi mawili ya mafuta stendi kabla ya kuchomwa sindano, plazima yake inatoka nyeupe kama tui. Nimeziona nyingi. Mafuta yale yanasafiri kwenye damu kama vitone vidogo ambavyo mashine nyingi za kuhesabu haziwezi kuvitofautisha na vijifuko. Kutikiswa kule kulikompa Epstein bahati ndiko kutakakoharibu kipimo hiki.

Wenyewe wanalijua hili. Chama cha kimataifa cha watafiti wa vijifuko kimetoa miongozo mwaka 2014, 2018 na 2023, na sehemu kubwa inahusu mambo ya aina hii: damu ilikaaje, ilizungushwa vipi, umethibitishaje kuwa ulichokishika ni kijifuko. Tatizo ni kwamba miongozo imeandikwa kwa maabara ambayo sampuli inashuka kwa lifti.

Najua jibu la haraka: nchi ambayo wanawake wake wanaendelea kufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayozuilika kwa chanjo ya HPV na kugundulika mapema kwa tone la siki na jicho la muuguzi aliyefundishwa, ina haja gani na vijifuko? Nakubaliana nalo zaidi ya nusu. Ukinipa shilingi moja leo nitaipeleka kwenye siki, chanjo na mishahara ya wanapatholojia, na sitaona haya. Hata hivyo vipimo hivi havitasubiri foleni yetu. Vitaingia kwa njia ya hospitali binafsi na mawakala, kama vilivyoingia vipimo vingine, na atakayevilipia ni mtu aliyeuza ng'ombe. Siku hiyo tutataka kuwa na namba zetu.

Na namba zinapatikana. Mradi uitwao AI-REAL umekuwa ukijaribu, Tanzania na Uganda, kutambua limfoma za watoto zinazohusiana na Epstein-Barr kwa kusoma DNA inayoelea kwenye damu. Ni DNA, vijifuko ni kazi nyingine, lakini ugumu ni uleule: kichupa, safari, friji, mtoto ambaye huenda ana malaria pia. Imeanza kufanyika hapa, kwa damu ya hapa. Ninachodai ni kwamba yeyote anayekuja kukusanya plazima yetu kwa ajili ya vijifuko, na watakuja kwa sababu Burkitt, Kaposi na saratani ya koo la chakula ziko kwetu kwa wingi, kibali chake kiandikwe hivi: wagonjwa wa malaria, selimundu na VVU wasio na saratani wapimwe pamoja na wenye saratani, na sehemu ya upimaji ifanyike kwenye maabara ya wilaya yenye bodaboda wake na umeme wake. Wizara na kamati za maadili zina kalamu ya kuliandika hilo. Halihitaji mashine mpya.

Wakati huohuo soko limeshatangulia. Kuna saluni na kliniki zinazouza "eksosomu" za kupaka usoni, za kuotesha nywele, hata za kuchoma kwenye goti. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma baada ya watu wa Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za namna hiyo. Haijawahi kuidhinisha hata moja kuwa tiba. Kampuni ya Codiak, iliyokuwa ikijaribu kwa njia halali kugeuza vijifuko kuwa dawa za saratani, iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2023. Walioshindwa ni waliofuata utaratibu. Wauza krimu bado wapo.

Mwezi uliopita tangazo moja lilinifikia kwenye simu: kipimo cha damu cha kutambua "saratani zaidi ya hamsini kupitia eksosomu", majibu siku tatu, sampuli inachukuliwa nyumbani. Nikatuma ujumbe kwa namba iliyowekwa. Nikauliza kwa adabu zote: kipimo hiki mmekijaribu kwa watu wenye malaria au selimundu, na damu yangu ikikaa njiani saa sita itakuwaje? Akaonekana anaandika, akaacha, akaandika tena. Jibu likaja na ua jekundu pembeni: "Karibu sana kaka. Kwa wiki hii tuna punguzo la asilimia 20, na ukija na mzazi wako mnapimwa wawili kwa bei ya mmoja na nusu."